Kiharusi kidogo si cha kungojea kesho

TUSEME ni saa mbili asubuhi mtaani Langas, mjini Eldoret. Fundi cherehani anainua kikombe cha chai, nacho kinamponyoka. Mdomo umekwenda upande kidogo na maneno yanamtoka kwa kukwama. Baada ya nusu saa anatembea na kuongea, ila vidole vya mkono wa kulia ni vizito.

"Baba Cherono, twende hospitali," mkewe anamsihi.

"Wacha, Mama Cherono, ni uchovu tu. Nikilala kidogo nitakuwa sawa."

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu akianguka na kupooza upande mzima, majirani hutafuta gari mara moja. Ni kiharusi hiki chepesi kinachomdanganya mgonjwa, na kusema kweli, huwakuna vichwa hata madaktari.

Maradhi haya huja kwa njia mbili: ama mshipa hupasuka na damu kumwagika ubongoni, au bonge la damu huziba mshipa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 kuhusu wagonjwa wa Hospitali ya Kenyatta na ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hapa Eldoret, ulionyesha kwamba waliozibwa mshipa walizidi nusu. Kwa kumtazama mgonjwa usoni huwezi kujua ni ipi. Mpaka apigwe picha ya CT. Ndiyo maana kumpa aspirini nyumbani ni kucheza kamari.

Mshipa ukiwa umezibwa, kuna dawa ya kuyeyusha bonge, alteplasi, iliyoidhinishwa Marekani kwa kiharusi mwaka wa 1996. Mwanzoni ilitolewa katika muda wa saa tatu tangu dalili kuanza. Utafiti wa mwaka wa 2008 ukausogeza hadi saa nne na nusu. Lakini dawa hii inaweza kuvujisha damu ubongoni. Je, mwenye mkono mzito tu aingizwe katika hatari hiyo?

Utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2018, uliohusu wagonjwa 313 ambao dalili zao hazikuwazuia kuendesha maisha yao, haukuona kwamba alteplasi iliwafaa kuliko aspirini. Waliovuja damu ubongoni ni kama watatu katika kila mia ya waliopewa alteplasi. Wa aspirini, hakuna hata mmoja. Mwaka wa 2023, utafiti wa wagonjwa 760 nchini China ulionyesha kuwa aspirini pamoja na klopidogreli hazikushindwa na alteplasi.

Lakini wepesi huo ni wa nani? Mkono usioweza kushika mkasi ni jambo dogo kwa anayehesabu alama za ugonjwa. Kwa fundi wetu ni karo na kodi ya nyumba. Daktari mzuri atamuuliza kazi yake kabla ya kuamua.

Isitoshe, wako wenye dalili ndogo ilhali mshipa mkubwa umeziba, wakiokolewa na mishipa midogo ya kando. Hapa ndipo huja picha ya mtiririko wa damu. Mgonjwa hudungwa dawa ya rangi, kisha mashine ya CT hupiga sehemu ile ile tena na tena kwa muda wa kama dakika moja, na kompyuta kupima rangi ilichelewa wapi. Fikiria mifereji ya Wamarakwet kule Bonde la Kerio: mfereji ukizibwa, kuna mahindi yaliyokwisha kukauka, na kuna yaliyonyauka tu yanayongoja maji. Picha huyatenga mawili hayo.

Basi wataalamu wakawaza: wenye dalili ndogo ambao picha imeonyesha kizuizi, wapewe dawa. Walijaribu tenekteplasi, dawa ya jamii hiyo hiyo, kwa wagonjwa 886 katika nchi kumi. Matokeo ya mwaka wa 2024 yaliwavunja moyo. Waliorudia hali yao ya awali walikuwa 72 katika kila mia, wasiopewa, 75. Waliofariki ni 20 dhidi ya watano.

Kwa hivyo picha si amri ya kudunga sindano. Humwonyesha daktari nani asiruhusiwe kwenda nyumbani na nani aangaliwe usiku kucha. Faida yake kubwa imeonekana kwa viharusi vizito zaidi: utafiti wa mwaka wa 2019 ulitumia picha kuchagua wagonjwa wa kupewa alteplasi baada ya saa nne na nusu hadi saa tisa.

Kwa anayetoka Lodwar, saa hizo huishia barabarani. Wa Langas hana kisingizio hicho. Mama Cherono akifika naye, swali la kwanza litakuwa: mara ya mwisho mlimwona akiwa mzima saa ngapi? Kama aliamka na dalili, saa huhesabiwa tangu alipoonekana mzima usiku, si tangu kikombe kilipoanguka.