Taa wa Mtoni na Safari Yake

Mama mmoja wa mtaani petu alinijia baada ya sala ya alasiri, uso umemsawijika. Mwanawe yuko Ghuba, katika duka la samaki wa mapambo, naye ameamrishwa kuwafungasha taa waende kwa mnunuzi wa mji mwingine. "Sheikh, marehemu babangu alichomwa na taa, wiki nzima asikanyage chini. Na huyu mwanangu hata kuvua hajui. Nimwambie nini?"

Wasomaji wapenzi, taa hao si wa bahari yetu. Asili yao ni mito ya Amerika Kusini, kama Amazon na Orinoco. Mmoja mashuhuri, mweusi mwenye madoa meupe, hutoka mto Xingu nchini Brazili. Lakini silaha ni ile ile: mwiba wa mkiani wenye meno kama msumeno, uliovikwa ngozi yenye sumu. Ukikatika huota mwingine. Hivyo kuukata ni kumtesa bure.

Maandalizi huanza kabla ya safari. Taa aliyekomaa huachishwa chakula siku moja au mbili, ili asichafue maji, kwani uchafu wake huzaa amonia, nayo humwua akiwa kifungoni.

Wakati wa kumtoa, wavu uwekwe kando: mwiba hunasa matunduni, samaki akaumia, na mtu akachomwa katika kumnasua. Asishikwe mkia, wala vidole visitiwe katika vitundu vya nyuma ya macho, maana humo ndimo avutamo maji ya kupumulia. Aongozwe taratibu aingie katika beseni pana la plastiki lililozamishwa, kisha watu wawili waliinue pamoja na maji yake. Mwiba hufunikwa kwa kipande cha mpira laini wa bomba. Kazi hiyo ni ya mzoefu, si ya mwanagenzi.

Mifuko iwe miwili, mmoja ndani ya mwingine, yenye kitako kipana ili taa alale bapa: theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni. Sanduku liwe la kuhifadhi joto, lenye giza ndani. Na baadhi ya taa hawa wamo katika mkataba wa CITES. Kuwavusha mpaka huhitaji kibali.

Mtu akichomwa, jeraha litiwe katika maji ya moto ya kuvumilika, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mwenzake ayajaribu kwanza, kwani mwenye maumivu huweza kuungua asijue. Kisha hospitali, hata maumivu yakipoa. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe nyumbani.

Nikamwambia mama: "Mwambie mwanao aseme 'sijui' kabla ya kutia mkono majini. Kuuliza si ujinga. Kiumbe huyo ni amana mkononi mwake, na mkono huo nao ni amana."

Ijumaa likaja jibu. Kijana aliomba aletewe mzoefu, akaletewa. Taa watatu wamefika wazima, naye yu mzima.