Kuserereka Uwanjani: Chunga Mguu Wako na wa Mwenzio

Ijumaa hapa Mesaimeer ni siku ya kandanda. Mtu anaserereka kuchota mpira, anaondoka na kifundo cha mwenzake.

Sheria ya 12 ya soka haikatazi kuserereka. Inakataza kuhatarisha usalama wa mpinzani: ukimvamia kwa nguvu kupita kiasi, hata ukigusa mpira, ni kadi nyekundu.

Ukiumia:

1. Mchubuko wa nyasi bandia uoshe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Jeraha likiwa chafu na chanjo yako ya pepopunda imepita miaka 5, kachome nyingine.

2. Kifundo kikivimba, usikikande kwa maji ya moto wala kukichua. Weka barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 20.

3. Ukishindwa kutembea hatua 4, kapigwe picha. Mguu ukipinda, usiunyooshe; piga 999.

Kumbuka, sheria ya kazi ya Qatar ya 2004 humpa mgonjwa mwenye cheti cha daktari, aliyetimiza miezi 3 kazini, mshahara kamili wiki 2, kisha nusu mshahara wiki 4. Baada ya hapo hakuna malipo, na nyumbani wanautegemea mguu huo huo.

Tucheze kiungwana. Mpira utarudi Ijumaa ijayo.