Kiharusi cha Dakika Chache

 

Tuseme uko jikoni asubuhi, unamimina chai. Ghafla kikombe kinakuponyoka. Mkono wa kulia umekufa ganzi. Unataka kumwita mtoto, lakini ulimi ni mzito na maneno hayaeleweki. Baada ya dakika 10 hivi mkono unapata nguvu, sauti inarudi. Unaokota vipande vya kikombe, unasema ni uchovu tu, kisha unaenda shambani.

Msikilizaji, huo si uchovu. Huenda hicho ni kiharusi kidogo. Donge la damu liliziba mshipa wa ubongo kwa muda, kisha likayeyuka, damu ikapita tena. Lakini kilichofanya damu igande bado kinaweza kuwa mwilini: presha, kisukari, sigara, mafuta kwenye mishipa, au moyo usiopiga sawasawa. Donge jingine laweza kuja, na hilo lisiyeyuke. Hatari ni kubwa zaidi katika siku 2 za kwanza.

Wengine husema ni upepo mbaya, wakamwita mganga. Atakukanda na mkono utarudi, kwa sababu ungerudi hata bila yeye, naye atapata sifa. Wewe utabaki na hatari yako.

Dalili huja ghafla: uso kulegea upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu, kushindwa kusema au kuelewa, jicho moja kuona giza kama pazia limeshushwa. Mara nyingi hakuna maumivu, ndiyo maana watu hupuuza.

Ukimshuku mtu, mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, kisha aseme sentensi moja. Ukiona kasoro, mpeleke hospitali mara moja. Na kama imeshapita? Nendeni siku hiyo hiyo, msingoje siku ya kliniki. Mweleze daktari dalili zilianza saa ngapi na zilidumu kwa muda gani, kwani yeye atamkuta mgonjwa akiwa mzima, na bila maelezo hayo hatajua lililotokea.

Usimpe aspirini nyumbani. Kuna kiharusi cha mshipa kupasuka, na dawa hiyo huzidisha kuvuja damu. Picha ya kichwa ndiyo itakayoonyesha tofauti.

Ukiandikiwa dawa za presha, zimeze kila siku hata ukijisikia mzima. Wiki ijayo tutazungumzia chumvi mezani. Kwaheri kwa sasa.