Marumaru si kigae

MTU akikwambia kwamba ameweka ‘marumaru’ sebuleni, anamaanisha nini hasa? Aghalabu huwa ameweka vigae, yaani vipande vya udongo uliochomwa kwa moto mkali hadi ukawa mgumu. Watu wengi, hasa nchini Tanzania, huviita marumaru au ‘malumalu’. Marumaru halisi ni jiwe: ni mawe ya chokaa yaliyobadilishwa na joto na mgandamizo ardhini, kisha yakachimbwa na kukatwa.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ambao husema ‘marmar’. Asili yake ni ‘marmaros’ la Kigiriki. Msomaji akitazama ramani ya Uturuki ataona Bahari ya Marmara, kusini mwa Istanbul. Humo mna kisiwa kiitwacho pia Marmara. Wagiriki wa kale walikiita Prokonnesos, na bahari hiyo wakaiita Propontis. Majina hayo yalififia, jina la jiwe likashinda.

Si ajabu. Istanbul ya leo ndiyo Constantinople ya zamani, mji mkuu wa dola la Bizanti, na kisiwa hicho ndicho kilichoupa mawe. Mfalme Justinian alianza kulijenga upya kanisa la Hagia Sophia mwaka 532, likakamilika 537. Sakafu yake ilitandazwa marumaru nyeupe yenye michirizi ya kijivu kutoka kisiwani humo. Nguzo za kijani zilitoka Thessaly, Ugiriki.

Mawe hayo yalisafirishwa mbali. Karibu na Marzamemi, Sicily, wapiga mbizi walikuta mabaki ya merikebu ya karne ya 6 iliyozama ikiwa na shehena ya nguzo, vitako na vichwa vyake, vilivyokwisha kuchongwa kwa ajili ya kanisa.

Basi kuna ubaya gani kukiita kigae marumaru? Lugha hupanuka, na maneno huhama. Tatizo huja pesa zinapoingia. Fundi akiandika ‘marumaru’ kwenye makadirio ya gharama, mteja atajuaje iwapo analipia jiwe au udongo? Maadamu tuna maneno mawili, kila moja lifanye kazi yake: kigae kwa kilichotoka tanuruni, marumaru kwa kilichotoka machimboni.