Jina la Mlangoni, Jina la kwenye Releve

Mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyepanda ndege Luano kwenda Dubai au Johannesburg hurudi na mizigo, na baada ya siku kadhaa releve ya benki humfuata nyumbani. Mistari mingi anaielewa: hoteli ya Deira, tiketi, pesa aliyotoa kwenye mashine. Kisha anakutana na mstari wa dola 14 na senti kadhaa, wenye jina ambalo hajawahi kulisikia. Umeandikwa kwa herufi kubwa tupu, neno la mwisho limekatwa katikati, na pembeni kuna herufi mbili za nchi aliyopita kwa saa tatu tu akisubiri ndege ya pili. Mtu wa kwanza kushukiwa ni mwizi wa kadi. Mara nyingi aliyekata pesa ni muuza kahawa wa uwanja wa ndege, na kahawa ilinywewa.

Lubumbashi ni mji wa noti. Kwenye soko la mtaa wa Kenya watu hulipa kwa dola, kwa faranga, au kwa simu kupitia M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Hata Go Pass, ada ya miundombinu ambayo RVA, mamlaka ya viwanja vya ndege, ilianza kuwatoza abiria mwaka 2009, wengi wameizoea kwa fedha mkononi. Kadi ya Visa au Mastercard hukaa kwenye pochi hadi siku ya safari, kwa hiyo mwenyewe hana mazoea ya kusoma alama inazoacha. Na mahali pa kwanza kadi hiyo inapofanya kazi mfululizo ni uwanja wa ndege, penye majina ya biashara yaliyochanganyika kuliko popote.

Maduka ya uwanjani ni biashara ya upangaji. Mamlaka ya uwanja haiuzi manukato wala mikate. Hutangaza zabuni, na mshindi huilipa sehemu ya mauzo, mara nyingi pamoja na kima cha chini cha mwaka ambacho lazima kitoke hata abiria wakipungua. (Anayeshangaa bei ya chupa ya maji baada ya ukaguzi aanzie hapo.) Wanaoweza kubeba mzigo huo ni makampuni makubwa. Dufry ya Uswisi iliungana na Autogrill ya Italia mwaka 2023, na Novemba mwaka huohuo kampuni ikachukua jina jipya, Avolta. Ina maduka na migahawa zaidi ya 5,000 katika nchi zaidi ya 70, na karibu hakuna mlango wenye jina hilo: abiria huona World Duty Free au Hudson. Vibanda vya magazeti vya Relay ni vya Lagardère ya Ufaransa. SSP ya Uingereza huendesha migahawa yenye chapa za wengine. Unaona Burger King, unakula Burger King, lakini mashine iliyosoma kadi yako inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la kampuni iliyopanga eneo lile. Jina hilo la usajili ndilo linalosafiri hadi Lubumbashi.

Jambo hili lisingepaswa kuwashangaza wateja wa hapa. Benki ya TMB ilizaliwa katika mji huu mwaka 2004, na tangu Desemba 2022 asilimia 85 ya hisa zake ni za KCB ya Nairobi. BCDC, iliyoanza mwaka 1909 ikiitwa Banque du Congo Belge, iliunganishwa na benki ya kundi la Equity, nalo la Nairobi, mwishoni mwa 2020. Aliyezoea benki yenye mwenyewe Nairobi anaweza kuzoea kahawa yenye mwenyewe Basel, makao ya Avolta.

Dubai ndiko rahisi. Dubai Duty Free ni mali ya serikali, ilifunguliwa tarehe 20 Desemba 1983 kwa msaada wa wataalamu wa Aer Rianta kutoka Ireland, nchi ambako duka la kwanza duniani la aina hii lilifunguliwa katika uwanja wa Shannon mwaka 1947. Mwaka 2023 iliuza bidhaa za dola bilioni 2.16. Jina la mlangoni, la mfuko na la kwenye releve ni hilohilo.

Nairobi ina kisa chake, kinachoonyesha jinsi jina linavyoweza kupotosha. Mwaka 1989 kampuni iliyokuja kujulikana kama World Duty Free Company Limited ilipata mkataba wa kuendesha maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya Nairobi na Mombasa. Mgogoro wake na serikali ya Kenya ulifika mbele ya wasuluhishi wa kimataifa wa ICSID, na humo kampuni yenyewe ikaeleza kwamba dola milioni 2 zilitolewa kwa Rais Daniel arap Moi ili mkataba upatikane. Oktoba 2006 wasuluhishi waliikatalia madai yake: mkataba ulionunuliwa kwa rushwa hauwezi kudaiwa. Kampuni hiyo haikuwa ile World Duty Free ya viwanja vya Uingereza ambayo leo iko chini ya Avolta. Ni jina moja la watu wawili. Basi anayechukua jina la kwenye releve na kulitafuta kwenye intaneti asiridhike na jibu la kwanza.

Mstari wenyewe una kipimo. Katika ujumbe wa kadi, mahali pa kumtaja muuzaji ni herufi 40 tu: 25 za jina, 13 za mji, 2 za nchi. Jina refu hukatwa bila huruma. Herufi mbili za mwisho ndizo za kusoma kwanza: AE ni Falme za Kiarabu, ZA Afrika Kusini, ET Ethiopia, KE Kenya, ZM Zambia kwa wale wanaovuka Kasumbalesa na kupandia ndege Ndola. Nchi ikilingana na njia ya safari, nusu ya kazi imeisha. Ukiona kinyota baada ya herufi chache, kama SQ au SumUp, ujue muuzaji ni mdogo anayetumia mashine ya kampuni nyingine, na jina lake mwenyewe linakuja baada ya kinyota.

Tarehe nayo hudanganya. Releve ina siku ya ununuzi na siku ya kuingia hesabuni, na kati yake zinaweza kupita siku kadhaa. Ukinunua saa au manukato ndani ya ndege, mara nyingi mashine ya mhudumu haina mawasiliano angani. Malipo hutumwa baada ya kutua, pengine kwa jina la kampuni inayohudumia ndege. Vyumba vya mapumziko vina kawaida mbaya zaidi. Kadi ya daraja la juu humwingiza mwenyewe bure, mgeni wake hulipiwa, na malipo hayo huweza kuja wiki kadhaa baadaye kwa jina la LoungeKey, la kundi la Collinson la London, bila kutaja uwanja mtu anaoukumbuka.

Lakini fedha nyingi hupotea kwenye swali moja la mashine, na hapa mwenye akaunti ya Kongo yuko hatarini kuliko wengine. Akaunti zetu nyingi ni za dola. Mashine ya Dubai ikiuliza kama ukatwe kwa dirhamu au kwa dola, kidole hukimbilia dola, kwa kuwa ndizo tunazozijua. Kumbe kuchagua dola ni kumpa muuzaji na benki yake ruhusa ya kupanga bei ya ubadilishaji. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997: dola moja ni dirhamu 3.6725. Bidhaa ya dirhamu 367.25 ni dola 100 kamili. Risiti ikisema dola 104, hizo 4 ni faida ya aliyebadilisha fedha ambayo haikuhitaji kubadilishwa kwa bei hiyo. Na bado benki ya nyumbani inaweza kutoza kamisheni yake ya malipo ya nje, na TVA ya asilimia 16 juu ya kamisheni hiyo. Chagua dirhamu, kisha ukifika nyumbani gawanya kwa 3.6725, kinachozidi ni cha kuiuliza benki yako.

Kwa randi ya Afrika Kusini hesabu hiyo haishiki, maana bei yake hubadilika kila siku, na ubadilishaji hufuata siku malipo yalipochakatwa, si siku ulipoonyesha kadi. Birr ni mfano mkali zaidi. Ethiopia iliiachia sarafu yake ifuate soko tarehe 29 Julai 2024, na dola iliyokuwa karibu birr 57 ikapita 100 ndani ya wiki chache. Aliyelipa kwa birr pale uwanja wa ndege wa Bole siku hizo, kisha akalinganisha risiti na releve, asingeona hesabu zikikubaliana hata kama hakuna aliyeiba.

Hapa ndipo ninapozilaumu benki zetu. Kila malipo hufika kwao na namba ya tarakimu nne inayotaja aina ya biashara: 5309 ni duka lisilotozwa ushuru, 5812 mgahawa, 5814 chakula cha haraka, 5994 kibanda cha magazeti, 4582 huduma za uwanja wa ndege. Benki pia inaona kama chipu ilisomwa au namba za kadi ziliandikwa kwenye intaneti. Hayo mawili yanatosha kumwambia mteja "ulikula mahali fulani Johannesburg" badala ya kumwachia kitendawili cha herufi kubwa. Zimejenga programu za simu, Rawbank ina IllicoCash, TMB ina Pepele Mobile, na bado mteja anayetaka maana ya mstari mmoja hulazimika kupanga foleni mjini. Kamisheni ya malipo ya nje hutozwa kila mara. Tafsiri ya malipo ingeweza kuwa sehemu ya huduma hiyo.

Hadi hapo itakapokuwa hivyo, mteja aombe kaunta impe vitu vitatu: namba ya aina ya biashara, namna kadi ilivyosomwa, na namba ya marejeo ya tarakimu 23 ambayo benki ya muuzaji huipa kila malipo. Ikiwa chipu ilisomwa na namba ya siri ikawekwa siku alipokuwa safarini, atafute risiti kwenye mfuko wa koti kabla ya kudai. Ikiwa malipo ni ya intaneti, ya kiasi kidogo, na yeye alikuwa tayari Lubumbashi, afunge kadi siku hiyohiyo, kwa sababu wezi hupenda kujaribu kiasi kidogo kabla ya kikubwa. Kanuni za Visa huipa benki kwa kawaida siku 120 kupeleka pingamizi, ila benki inaweza kumwekea mteja wake muda mfupi zaidi. Pingamizi likienda, upande wa muuzaji hupewa nafasi ya kuleta ushahidi wake. Upande huo ukinyamaza hadi muda uishe, fedha hubaki kwa mwenye kadi.