Wakati na Hali katika Mswada wa Filamu

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja la sarufi linalojitokeza katika mafunzo ya filamu nchini Kenya. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya ilianzishwa Nairobi mwaka 1961 ili kuwafunza mafundi mitambo wa utangazaji. Baadaye ilipanuka, ikafundisha pia uandishi wa habari na utengenezaji wa filamu. Anne Mungai, mwongozaji wa filamu ya Saikati (1992), alisomea hapo. Mafunzo hutolewa kwa Kiingereza, na kanuni ya mswada ni kwamba maelezo ya matendo yaandikwe kwa wakati uliopo.

Tumchukue, kwa mfano, mwanafunzi atokaye Runyenjes, aliyelelewa kwa Kiembu na Kiswahili. Katika mswada wake wa Kiingereza, mzee yuko wima mlangoni, koti mwilini. Anapoutafsiri mswada huo kwa kuifuata kanuni aliyofunzwa, huandika: “Mzee anasimama mlangoni. Anavaa koti.” Mwigizaji asomaye maneno hayo atainuka kitini, kisha atatia mkono katika koti. Mpiga picha naye atangojea mwendo ambao mtungaji hakuukusudia kamwe. Kilichotakiwa ni: “Mzee amesimama mlangoni. Amevaa koti.”

Sababu yake ni wazi. Vitenzi kama simama, keti, lala, vaa na inama hutaja tendo la kuingia katika hali fulani. Kiambishi -na- huonyesha tendo lenyewe likiendelea, hali -me- huonyesha hali iliyopo sasa kutokana na tendo lililokwisha. Kwa hiyo “amelala” si habari ya jana. Ni picha iliyo mbele ya macho yetu. Kiembu nacho, kama lugha nyingi za Kibantu, hutofautisha tendo na hali kwa umbo la kitenzi. Mwanafunzi huyu basi hakukosa ujuzi, bali alifunzwa kuuacha nyumbani.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Yafaa basi idara zetu zishirikiane na walimu wa filamu kutunga sarufi fupi ya mswada, itakayoanza na viambishi hivi viwili. Istilahi za kamera zaweza kungoja, kwani mwigizaji hutii kitenzi kwanza.