Kupasuliwa juu ya kupunguza kilo: usiende peke yako

Ku Lubumbashi, ku Likasi na ku Kolwezi, mwanaume akipata tumbo kubwa watu wanamuita "patron". Wanasema bibi yake anamutunza muzuri na mushahara unaingia. Lakini akianza kukonda, maneno yanageuka: iko na SIDA, ao kazi imekwisha, ao mutu wa familia anamuroga. Kwa ile sababu wafanya kazi wengi wanaogopa kukonda kuliko kubeba kilo 130 kila siku. Mimi ni delege wa sindika, na ile woga ninaiona sana kwa wenzetu wanaoendesha makamyo ya karyeri na mamashini ya kuchimba.

Tuangalie kazi yenyewe kwanza. Zamani mutu wa mine alishika piki na pao. Leo wengi wanaikala saa kumi na mbili mu kabini, na karibu na mukono kuna mikate na soda ya sukari. Posti ya usiku inaharibu usingizi na chakula: unakula bukari katikati ya usiku, unalala wakati jua linawaka. Kilo inapanda polepole, nyuma yake inafuata tansyo, ugonjwa wa sukari, magoti yenye kuuma, na ile ugonjwa ya kukoroma yenye kusimamisha pumuzi mara nyingi wakati mutu analala. Ile ya mwisho inaniogopesha zaidi. Mutu anaamuka amechoka, anashika usukani wa gari yenye tani zaidi ya mia, anasinzia mu mutelemuko. Hapo haiko tena neno la uzuri wa mwili. Ni usalama wa wote walio chini.

Waganga wana hesabu moja: wanagawa kilo kwa urefu mara urefu. Mutu wa metri 1,70 mwenye kilo 118 anapata karibu 41. Kwa kawaida operasyo inafikiriwa kuanzia 40, ao kuanzia 35 kama kuna ugonjwa kama sukari ao tansyo, na kama mutu amejaribu kwanza kubadilisha chakula na kutembea, munganga akimuongoza, bila kufaulu. Haiko dawa ya kila mwenye kitumbo cha bia, na mimi siipigie kampeni.

Kuna aina mbili zinazofanywa zaidi. Ya kwanza, wanakata karibu robo tatu ya mufuko wa chakula, ao zaidi, wanabakisha kitu chembamba kama ndizi. Kilichokatwa hakirudi. Ya pili wanatengeneza kifuko kidogo kama yai, wanakiunga na utumbo mudogo, chakula kinapita njia ya mukato. Ile ya pili ilianza Marekani, ku Iowa, mwaka 1966, kwa mikono ya Edward Mason na Chikashi Ito. Haiko kitu cha jana, basi.

Wenzetu wanaoifanya, wengi wanaenda Afrika ya Kusini ao India. Wanarudi kisha posho mbili ao tatu, na munganga aliyewapasula anabaki ngambo. Hapo ndipo taabu inaanza, na hapo ndipo wenzako wanasaidia kuliko barua ya lopitali iliyoandikwa mu Kiingereza.

Kikundi chetu ni kidogo: wanaume wane na bamama wawili. Tunakutana siku ya Mungu mchana, kama watu wa likelemba. Wengine wamepasuliwa, wengine wanajitayarisha. Mutu hataji jina la mwenzake inje. Siku moja kijana moja wa kamyo aliuliza yule mukubwa wetu: "Yaya, njaa inakwisha kabisa?" Akajibiwa: "Njaa ya tumbo inalala miezi kidogo, mudogo wangu. Njaa ya kichwa hapana. Ile utapigana nayo siku ukikasirikia shefu." Hakuna munganga aliyenielezea vile wazi.

Matayarisho yanaomba miezi, haiombi siku. Unapimwa damu, moyo, na usingizi. Wanaingiza kamera ndani ya tumbo kuangalia vidonda. Tumbako unaacha kabisa, juu inaharibu kupona kwa kidonda na mapafu. Siku za mwisho wanapunguza sana chakula ili maini yapungue ukubwa na munganga apate nafasi ya kufanya kazi. Sisi tunaongeza yetu: jifunze mbele ya kwenda kula mu kisahani cha mutoto, na kutafuna bukari mpaka iwe kama uji. Anza pia kutenganisha maji na chakula, nusu saa katikati. Anayengojea kujifunza kisha operasyo, tumbo litamufundisha kwa kutapika.

Bibi ya nyumba anapashwa kuwa ndani ya mazungumzo tangu mwanzo. Kwetu, mwanaume akiacha chakula mu sahani, mama anafikiri amekula kwa mwengine. Tuliona nyumba moja karibu kuvunjika juu ya ile neno. Tukamuita mama, mama mwenzake akamueleza taratibu: supu kwanza, kisha vitu vya kuponda, vigumu kisha mwezi moja hivi, nyama, mayai, samaki na maharagi vinakuja mbele, bukari kidogo mwisho. Tomsoni na kapenta zinafaa sana, kumbe hazikosekani ku soko.

Siku za kwanza, kama mutu anapata homa, moyo unapiga mbio, tumbo linauma sana ao pumuzi inakuwa fupi, asingojee asubuhi. Pengine mushono unavuja, ao damu imeganda na kupanda ku mapafu. Ni lopitali mara moja, hata usiku.

Kisha kuna mambo ya kazi, na hapa bawaganga wa muji hawatujui muzuri. Mutu aliyepasuliwa hawezi kunywa litre ya maji kwa mara moja. Mu joto la karyeri apashwe kunywa kidogo-kidogo siku muzima, chupa iwe karibu yake kila saa. Diclofenac na ibuprofen, zile tunazomeza juu ya mugongo kama bonbon, zinaweza kuleta vidonda vibaya, zaidi kwa wale wa njia ya mukato. Pombe inapanda ku kichwa mbio kuliko zamani: Simba moja inafanya kazi ya tatu. Wengine waliacha chakula wakaangukia lutuku. Kubeba vitu vizito, ngoja posho nne mpaka sita, vile munganga ataandika. Na bamama wanaombwa wasipate mimba mwaka moja na zaidi. Wale wa njia ya mukato waulize kwanza munganga, juu vidonge vya kuzuia mimba vinaweza kukosa nguvu.

Nywele zinaanguka mwezi wa tatu ao wa ine, zinarudi. Kilo nazo zinaweza kurudi kisha miaka miwili, kama mutu anakunywa soda kila siku.

Kwa kontra: Code du travail ya mwaka 2002 inasema mwajiri anapashwa kutunza mufanya kazi na familia yake wakati wa ugonjwa, na kumulipa sehemu mbili kwa tatu za mushahara wakati kazi imesimama juu ya ugonjwa. Lakini operasyo ya ngambo iliyotafutwa na mutu mwenyewe inaleta mabishano. Kwa hiyo, mbele ya kununua tikiti, pitia kwa munganga wa kazi, uandikishe, uchunge kopi, utuletee moja. Usifiche ndani ya konje. Anayeficha, akirudi hawezi kuomba kazi nyepesi, na shefu anamuandikia uvivu.

Neno lililobaki ni vitamini: B12, fer, calcium, vitamini D, maisha yote, na damu kupimwa kila mwaka. Bila ile, mutu anakufa ganzi ya miguu ao anakosa damu wakati anaonekana muzima. Tumeomba ziingizwe mu liste ya dawa za sosiete. Kwanza walijibu kwamba vitamini haiko dawa. Tumepeleka barua ya pili, na karatasi ya damu ya mwenzetu moja, yeye mwenyewe akikubali. Wakati tunangojea, kila mutu wa kikundi anatoa franka mwisho wa mwezi, na anayepokea likelemba ananunua vidonge vya wote.